Bima ya chuo Marekani, dola 3,186: nani alipata weva (ruhusa ya kutoilipa) kwa bima ya bei nafuu?

#1 MsomiBaridi

Wakuu habari za humu. Nimesoma nyuzi zenu kimyakimya tangu nikiwa nyumbani nahangaikia viza, leo ni zamu yangu kuleta shida.

Nimeanza masters hapa Marekani, majimbo ya katikati huku, viza ya mwanafunzi, F-1. Udhamini unalipa nusu ya ada ya masomo, nusu iliyobaki ukoo umechangishana. Juzi nafungua akaunti ya mwanafunzi niangalie salio, nakuta mstari ambao sikuutarajia: bima ya afya, dola 3,186 kwa mwaka. Nikadhani wamenichanganya na mtu. Nimeenda ofisi ya ada, mama wa dirishani kaniangalia kwa huruma, kaniambia hiyo inaingia yenyewe kwa kila mwanafunzi wa kigeni, na nikitaka itolewe niombe weva, nionyeshe nina bima nyingine "inayolingana". Mwisho wa kuomba ni siku 16 kutoka leo.

Mtandaoni nimeona bima za wanafunzi wa kigeni za dola 60 na kitu kwa mwezi. Jamaa ninayekaa naye anasema nunua, chapisha karatasi, peleka, mchezo umekwisha. Mwingine anasema hizo ni karatasi za kujifunikia mvua. Nani ana uzoefu?

Nyongeza: nina pumu tangu utotoni. Siyo ya kulazwa, ila inhela haitoki mfukoni.

#2 Kiroboto

Naweka kiti hapa. Mimi naripoti Januari, chuo kingine, na bei yao haiko mbali na hiyo.

#3 BiTausi

Mdogo wangu pole, huo mstari umewaliza wengi. Nina miaka sita hapa na weva nimeshaomba mara nne, mara moja wamenikatalia, kwa hiyo nisikilize kidogo.

Funga kwanza hayo matangazo ya dola 60. Nenda kwenye ukurasa wa chuo chako wa bima, tafuta karatasi ya masharti ya weva, ichapishe. Watu wanaanza na bei halafu wanahangaika chuo kiikubali ile bima. Anza na masharti, ndipo uulize bei.

Na uelewe nani anakulazimisha. Ukiwa na F-1, serikali kuu ya Marekani haina sheria inayokutaka uwe na bima ya afya. Anayekutaka ni chuo, na majimbo machache. Ndiyo maana "rafiki yangu wa chuo fulani alikubaliwa" haikusaidii kitu. Kila chuo kina masharti yake, na kuna vyuo havitoi weva kabisa kwa wanafunzi wa kigeni, labda uwe na bima ya kazini kwa mwenza wako au ya mfadhili aliyekuleta. Hilo ndilo swali la kwanza. Ukikuta chuo chako ni cha aina hiyo, okoa nguvu zako, ruka moja kwa moja kwenye njia nyingine nitakazosema chini.

Kama weva ipo, masharti huwa yanafanana fanana: bima ianze siku ya kwanza ya muhula na isikatike mpaka mwisho wa mwaka wa masomo, kampuni iwe na anwani ya madai ndani ya Marekani, pawe na madaktari wanaoipokea karibu na chuo, siyo dharura tu, afya ya akili iwemo, magonjwa uliyokuwa nayo kabla yawemo, kile kiasi unacholipa mwenyewe kabla bima haijaanza kulipa kisizidi namba fulani, na pasiwe na kikomo cha chini kwa kila ugonjwa. Vyuo vingi huongeza usafirishaji wa mgonjwa kurudi kwao na gharama za kurudisha mwili nyumbani. Neno baya kulisoma ukiwa na miaka 24, lakini ndilo lililonikwamisha mimi ile mara niliyokataliwa.

Wewe mwenye pumu, lile la magonjwa ya kabla ndilo lisome mara mbili.

#4 Ngarambe

Mimi nilinunua ile ya bei poa, chuo kikaikubali, miaka miwili sijaugua hata mafua. Dola zangu zaidi ya 4,000 ziko benki. Mnatishana bure.

#5 MzeeWaKopei

Ngarambe ndugu yangu, hujaumwa, hivyo bima yako haijajaribiwa. Hongera kwa afya, siyo kwa bima.

Nimefanya kazi miaka mitatu kwenye kampuni inayopitia madai ya bima huku, sitaitaja. Niwaambie tulikuwa tunaangalia nini dai likiingia, maana ndicho mnachopaswa kukiangalia kabla ya kulipa.

Cha kwanza tarehe. Bima ilianza lini, dalili zilianza lini. Bima nyingi za bei rahisi zina kifungu cha hali iliyokuwepo kabla: chochote ulichotibiwa, ulichopewa dawa, au hata dalili ambazo "mtu wa kawaida angeenda hospitali", ndani ya miezi kadhaa kabla ya bima kuanza, hakilipwi mpaka upite muda fulani. Nyingine hazikilipi kabisa. Bima za chuo zinazouzwa na kampuni za bima za hapa zinafuata sheria ya Obama ya 2010, na sheria hiyo imekataza kumbagua mtu kwa ugonjwa aliokuja nao. Haya mabima ya wasafiri na wanafunzi wa kigeni mengi hayako chini ya sheria hiyo. Tofauti kubwa ya bei inatoka hapo.

Cha pili, kikomo. Tangazo linasema dola 500,000 kwa herufi kubwa. Ukifungua ndani kuna jedwali: kulazwa mwisho kiasi hiki kwa siku, daktari wa upasuaji mwisho kiasi hiki, afya ya akili mara kadhaa tu. Zile 500,000 hutazifikia kamwe, kwa sababu kila mlango una bawabu wake.

Cha tatu, michezo. Wengi hawaamini mpaka iwakute.

Hivyo ukitumiwa "muhtasari wa faida" wa kurasa mbili, sema asante halafu omba mkataba wenyewe. Wakisita kuutoa kabla hujalipa, umeshapata jibu.

#6 Chandimu

Hilo la michezo mmenigusa kwenye donda, acha nieleze.

Mwaka wangu wa kwanza, bima ya dola 58 kwa mwezi. Tuna ligi ya mpira ya chuo, siyo timu ya chuo, ile ya wanafunzi kujifurahisha jioni. Mechi ya nne, beki kaja na miguu miwili, kifundo kikalia kama kuni kavu. Emajensi, eksirei, bandeji ngumu, magongo. Saa tatu nilizokaa pale ndani zimezaa bili ya dola 4,870.

Barua ya bima ilikuja baada ya wiki tano. Ukurasa mmoja. Kifungu kilisema majeraha ya "michezo iliyoandaliwa" hayalipwi, na ligi yetu ina ratiba na refa, basi imeandaliwa. Nikaandika rufaa kwamba refa mwenyewe ni mwanafunzi na filimbi alikuwa kaazima. Hawakucheka.

Kilichoniokoa ni hospitali yenyewe. Hospitali zisizo za faida hapa Marekani, na ndizo nyingi, zinalazimika na sheria ya kodi kuwa na mpango wa msaada wa kifedha ulioandikwa. Unajaza fomu, unaambatanisha taarifa ya benki na barua ya kipato. Una siku 240 tangu bili ya kwanza kuomba. Mimi walinifutia zaidi ya nusu, iliyobaki nikalipa kidogo kidogo miezi kumi. Mwenye bili mezani sasa hivi asikimbilie kulipa kwa kadi ya mkopo kabla hajauliza hiyo fomu.

#7 MsomiBaridi

Duh. Asanteni. Nimechapisha masharti ya chuo, weva ipo. Yako 11. Narudi kesho nikishalinganisha.

@BiTausi ulisema kuna njia nyingine chini, sikuziona.

#8 BiTausi

Nilipitiwa na usingizi, nina maabara alfajiri.

Njia ya kwanza na yenye pesa kubwa kuliko zote watu hawaihesabu kama njia ya bima: kazi ya usaidizi idarani, kufundisha au utafiti. Vyuo vingi hulipa bima ya mwenye nafasi hiyo yote au sehemu kubwa. Mimi sijalipa bima tangu mwaka wa pili, na siyo kwa ujanja wa fomu. Aliyeko nyumbani bado anasubiri barua ya kukubaliwa, muulize mratibu wa idara KABLA hujasaini: nafasi hii inalipia bima? Asilimia ngapi? Kuanzia mwezi gani? Swali la barua pepe moja. Hawakuoni mroho, wenzako wote wanauliza.

Ya pili, mwenza anayefanya kazi. Bima ya mwajiri wake ikikuingiza, vyuo vingi vinaikubali. Mkifunga ndoa, au bima yako ya zamani ikikatika, mwenza ana siku 30 kumwambia mwajiri akuongeze nje ya msimu wa kawaida. Siku 31 ni hadithi nyingine, unasubiri msimu ufunguliwe.

Ya tatu, kwa wale waliokulia huku au wazazi wao wana bima ya kazi hapa: unakaa kwenye bima ya mzazi mpaka unafikisha 26. Hata ukiwa umeoa. Angalia tu, mzazi akiwa jimbo la mbali, je, mtandao wa madaktari unafika mjini kwenu? Vyuo vinakataa bima ambayo pale mjini inalipa dharura peke yake.

Ya nne ni kuomba tu. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni mara nyingi ina mfuko mdogo wa shida za ghafla. Hautalipa 3,186, lakini unaweza kukulipia muhula. Vilevile uliza kama wanaweza kugawa bima kwa muhula, au kuilipa kwa awamu pamoja na ada.

#9 Sumaku

Wenye J-1, viza ya programu za kubadilishana, msijichanganye humu, yenu ni habari nyingine. Kwetu bima ni sharti la serikali na namba zake zimeandikwa: angalau dola 100,000 kwa kila ajali au ugonjwa, dola 50,000 za kusafirisha mgonjwa, dola 25,000 za kurudisha mwili, na kile unacholipa mwenyewe kwanza kisizidi dola 500 kwa kila ajali au ugonjwa. Wenye J-2, mke, mume, watoto, nao wanahesabiwa. Ukiacha makusudi, mdhamini wa programu anapaswa kukukatishia programu. Siyo faini, ni kukatishwa.

Sasa mtego: nilikuwa na bima nzuri kabisa ya kazini kwa mke wangu, bima ya watu wa hapa, weva ikakataliwa. Kisa? Bima za waajiri wa hapa nyingi hazina kusafirisha mgonjwa wala kurudisha mwili, maana Mmarekani akifa kwao yuko kwao. Dawa yake: kuna bima ndogo zinazouzwa peke yake kwa mambo hayo mawili tu. Nimelipa chini ya dola 100 kwa mwaka, nikaambatanisha karatasi zote mbili, wakapitisha.

#10 BiTausi

@Sumaku ndicho kilichonikuta! Hiyo karatasi ya pili ningeijua mapema ningeokoa machozi.

#11 Kiroboto

Swali la mgeni. Kwani ile soko ya serikali ya bima, ya HealthCare.gov, sisi haituhusu?

#12 MzeeWaKopei

Inawahusu, kwa maana kwamba mtu aliyeko nchini kihalali, F-1 akiwemo, anaruhusiwa kununua. Kuhamia Marekani kutoka nje kunakupa siku 60 za kujiunga hata kama siyo msimu, na msimu wenyewe hufunguliwa tarehe 1 Novemba. Bima zake ni za kweli, pumu haiulizwi, na vyuo vingi vinazikubali.

Kilichokuwa kinazifanya ziwe nafuu ni ruzuku, na mlango huo unafungwa. Sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 imeanza kuwatoa kwenye ruzuku wahamiaji halali wenye kipato chini ya mstari wa umaskini tangu 2026, na kuanzia 1 Januari 2027 ruzuku inabaki kwa wenye grini kadi na makundi mengine machache tu. F-1 hayumo. Bila ruzuku, linganisha bei kamili ya kijana wa umri wako na bei ya chuo. Mara nyingi chuo kinashinda, na watu hawapendi kusikia hilo.

Na tafadhali, usijaze kipato cha kubuni ili upate ruzuku. Itakusubiri kwenye kodi.

#13 Ngarambe

Kuna zile jumuiya za kanisa za kuchangiana matibabu, bei nzuri, mbona hamzitaji?

#14 MzeeWaKopei

Kwa sababu siyo bima. Wenyewe wanaandika hivyo kwenye karatasi zao: hawana wajibu wa kisheria wa kulipa bili yako. Kama unaamini jumuiya yako, changia, ni jambo jema. Ila usiipeleke kwenye weva, itarudi.

#15 Kaskazi

Salamu kutoka Ujerumani, nimeona uzi huu nikaona nichungulie. Huku bima ya umma kwa wanafunzi ina bei maalumu mpaka umri wa miaka 30, na unaweza kuomba kuachiwa ili uchukue bima binafsi ya bei ya chini. Wabongo wengi wanafanya hivyo miezi ya kwanza. Wasichoambiwa: ukishaachiwa, huwezi kurudi kwenye bima ya umma mpaka umalize masomo. Nimeona mtu ana mimba, bima yake binafsi inamkatalia kliniki, na mlango wa umma umefungwa. Huku ni uamuzi wa mara moja.

#16 Mbiombio

Uingereza hatuna hata cha kubishana. Pauni 776 kwa kila mwaka wa viza ya mwanafunzi, unalipa zote kwa mkupuo ukiomba viza, baada ya hapo unatibiwa kama mwenyeji. Iliniuma siku ile, ila bili ya kifundo cha dola 4,870 sijawahi kuiona. Pole @Chandimu.

#17 Chandimu

Nimeshapoa mkuu. Refa tu ndiye sijamsamehe.

#18 MsomiBaridi

Nimerudi. Nimekaa kwenye basi la chuo, safari mbili kwenda na kurudi, na mkataba wa ile bima ya dola 60 kwenye simu. Kurasa 38. Ukurasa wa 14 nimekikuta kile kifungu alichokisema @MzeeWaKopei: hali yoyote iliyotibiwa au kupewa dawa ndani ya miezi 12 kabla haitalipwa mpaka bima itimize miezi 12 mfululizo. Bima yenyewe ni ya miezi 12. Yaani siku itakayoanza kulipia pumu yangu ndiyo siku inayokufa. Nimecheka peke yangu mpaka dereva kageuka kuniangalia.

Nikaichukua ile karatasi ya masharti 11, nikaweka alama ya vema kwa kila sharti lililotimia. Imepita 6.

Wauzaji walewale wana daraja la juu linalolipia magonjwa ya kabla baada ya miezi sita. Bei dola 148 kwa mwezi, 1,776 kwa mwaka. Imepita 10 kati ya 11. Iliyokwama ni hiyo hiyo ya ugonjwa wa kabla, chuo hakitaki kusubiri hata siku moja.

Nimebaki na siku 13. Naona kama maji yamenifika shingoni.

#19 BiTausi

Maji bado, yako kifuani. Fanya hesabu ya kweli sasa, siyo ya ada peke yake. Chukua daftari: ada ya mwaka, jumlisha unacholipa mwenyewe kwanza, jumlisha kopei, yaani kile unachochangia mwenyewe kila ukichukua dawa, kwa dawa unazojua utazinunua. Wewe inhela unanunua ngapi kwa mwaka? Bima isiyolipia pumu inamaanisha hizo zote unalipa kwa bei ya dukani, na inhela ya kila siku, ile ya kuzuia, bei yake kamili huku siyo utani. Halafu weka usiku mmoja wa emajensi wa kubanwa kifua.

Kwa Ngarambe hesabu itatoka tofauti, na simlaumu. Kwako wewe sioni namna bima ya rahisi itashinda.

#20 MsomiBaridi

Nimepiga. Hata nikikubaliwa ile ya 1,776, na nisiugue chochote zaidi ya pumu, tofauti na ya chuo inabaki kama dola 400. Nikibanwa usiku mmoja ndani ya hiyo miezi sita nimeliwa. Hivyo bima ya chuo siyo wizi kama nilivyodhani, ni kwamba tu sina hiyo pesa. Ni matatizo mawili tofauti, nilikuwa nayachanganya.

Kesho naenda idarani kuuliza kazi.

#21 Tandabelua

Wakati unasubiri, na kwa yeyote asiye na bima kwa wiki kadhaa: tafuteni vituo vya afya vya jamii. Kuna mashirika zaidi ya 1,300 nchi nzima yanayopata fedha za serikali kuu kuendesha vituo hivyo, na wanalipisha kulingana na kipato. Aliye chini ya mstari wa umaskini analipa kiasi cha jina tu, na punguzo linaendelea mpaka mara mbili ya mstari huo. Meno wengi wanayo pia, na meno hayamo kwenye bima nyingi za chuo. Kumbuka tu hicho ni kituo, siyo bima, hakikupi weva na hakilazi mtu.

Pia soma bili yako ya chuo vizuri. Mara nyingi kuna mistari miwili: ada ya zahanati ya chuo, na bima. Ya kwanza haifutwi hata ukipata weva, lakini inamaanisha daktari wa zahanati umeshamlipia. Kuna watu wanalipa hiyo ada mwaka mzima na hawajawahi kukanyaga pale, kikohozi wanakipeleka emajensi.

Kwenye dharura ya kweli usihesabu pesa mlangoni. Tangu 1986 sheria inazitaka hospitali zenye idara ya dharura kukupima na kukutuliza kwanza, uwe na bima usiwe nayo. Bili itakuja, lakini itakuja ukiwa hai.

#22 Sumaku

Na walioko Massachusetts wajue, huko ni jimbo linalomtaka mwanafunzi mwenye angalau robo tatu ya mzigo kamili wa masomo awe na bima. Bima ya kampuni ya nje ya Marekani haihesabiki kwenye weva. Msihangaike kuleta kadi za nyumbani.

#23 Kiroboto

Na mke na mtoto wakija na F-2? Chuo kwenye makadirio yao kila kichwa kinaongeza maelfu.

#24 BiTausi

Kwa F-2 vyuo vingi havilazimishi, uliza chako. Hapo ndipo bima ya nje inaweza kuwa na maana, kwa mke mzima wa afya asiyetarajia mtoto. Akitarajia, soma kifungu cha uzazi kabla ya kitu kingine chochote. Bima nyingi za bei rahisi ama hazina uzazi, ama mimba iwe imetungwa baada ya bima kuanza. Wanahesabu kweli, kwa tarehe.

#25 MsomiBaridi

Wakuu, mrejesho. Zimebaki siku tatu ila sihitaji tena.

Mratibu wa idara kaniambia nafasi za usaidizi za muhula huu zimejaa, lakini kuna moja ya kusahihisha kazi za takwimu inafunguliwa Januari, na kuanzia hapo idara inalipa asilimia 80 ya bima. Nimeandika barua palepale kwenye benchi la nje, nimeipata. Ofisi ya bima wamekubali kunigawia, nalipa muhula huu tu, dola 1,290, kwa awamu nne. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni wameniongezea 400 kutoka ule mfuko wa shida. Nilipouliza mfuko unaitwaje, yule dada akasema watu huwa hawaulizi, ndiyo maana una pesa.

Weva sikuiomba kabisa.

Jana nimechukua inhela famasi kwa kadi ya chuo. Kopei dola 15. Muuzaji kanisomea bei ambayo ingekuwa bila kadi, nikamwambia basi inatosha, usirudie.

@Kiroboto ile barua niliyoiandikia idara nimekutumia inboksi. Badilisha jina, na jina la somo. Jamaa ninayekaa naye aliipeleka jinsi ilivyo, wakampigia simu wakiniulizia mimi.